Uanachama wa kaya kwenye bwawa la kuogelea la mtaa: jaza fomu isirudishwe

Kila Jumamosi asubuhi nakaa kwenye meza ya uandikishaji ya bwawa letu la mtaa hapa Malindi, Kenya, na kila Jumamosi narudisha fomu za watu wenye haki kamili ya kuingia. Hawakudanganya. Wameandika ukoo mahali palipoulizwa kaya, au wameleta karatasi yenye jina la mtu mwingine. Mzazi ametoka Muyeye kwa tuktuk, watoto wameshavaa kaptura za kuogelea ndani ya nguo, halafu naye anaambiwa arudi wiki ijayo. Inaniuma kila mara, kwa sababu kosa lenyewe ni la dakika kumi za maandalizi.

Kanuni ninazoeleza hapa ni zetu. Ukijiandikisha bwawa jingine, omba kwanza karatasi yao ya kanuni, maana umri na ada hutofautiana. Mantiki ya uanachama wa kaya ni ileile.

## Andaa hivi kabla ya kushika kalamu

- Kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima atakayeandikwa: chenyewe, pamoja na fotokopi ya pande zote mbili.
- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto aliye chini ya miaka 18. Ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa unayopewa hospitali, au na naibu wa chifu kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani, si cheti. Inakusaidia kwenda kukitafuta hicho cheti.
- Uthibitisho wa makazi. Hatua ya 3 inaeleza upi unakubalika.
- Cheti cha ndoa, kama wewe na mwenzio mnaandikwa pamoja. Cha kadhi, cha kanisa, cha serikali au cha ndoa ya kimila, vyote ni sawa.
- Karatasi ya ulezi, kama unalea mtoto usiyemzaa.
- Barua ya chuo kwa kijana aliyevuka miaka 18 na bado anasoma.
- Picha mbili za pasipoti kwa kila mtu. Andika jina nyuma ya kila picha kwa penseli.

Usianze kujaza fomu na huku unatafuta karatasi. Karatasi moja ikikosekana, majina hubadilika, na fomu iliyokatwakatwa hatuipokei.

## Hatua ya 1: Chagua mwanachama mkuu

Mwanachama mkuu ni mtu mzima anayeishi kwenye nyumba hiyo, na ndiye tutakayempigia simu mtoto akiteleza ukingoni. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni hii, na ndiyo maana hatuna namna ya kuilegeza.

Kosa la kawaida hapa ni kumwandika anayelipa. Kijana yuko Mombasa au Doha, ndiye anayetuma pesa, na nyumba nzima kwa heshima inataka jina lake liwe juu. Anaweza kulipa, na tutamshukuru, lakini anayelala Mombasa hawezi kufika bwawani kwa robo saa. Mwandike mama, shangazi au yeyote aliye mzima na aliyepo.

Hatua hii imekamilika kama jina lililo juu ya fomu ni la mtu ambaye usiku huu atalala kwenye nyumba hiyo.

## Hatua ya 2: Hesabu kaya, usihesabu ukoo

Hapa ndipo fomu nyingi zinapokwama, kwa hiyo twende polepole.

Neno lenyewe linatuchanganya. Mgiriama akisikia kaya anasikia kwao, nyumbani kwa wazee, hata Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni. Mswahili wa mjini anasikia watu wangu, wakiwemo binamu wa Mambrui. Sensa ya 2019 nayo ilikuwa na maana yake: watu wa boma moja, wanaopika pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja, hata kama wanalala vyumba mbalimbali. Maana ya bwawa iko karibu na hiyo ya sensa, ila ni finyu zaidi. Kaya kwetu ni watu wanaoishi nyumba moja mwaka mzima, wanaokula chungu kimoja, na ambao mwanachama mkuu anawajibika kwao au wao wanawajibika kwake.

Nakumbuka bibi mmoja wa Barani. Alifungua pembe ya leso mezani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, na ndani yake majina kumi na manne kwa mwandiko wa mjukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hawa wote ni wangu."

"Naona, bibi. Jana usiku walilala wangapi kwako?"

Akahesabu kwa vidole, akitaja kila mmoja na kitanda chake. "Jana? Saba. Lakini wote ni wangu."

Wote walikuwa wake kweli, na hakuna aliyembishia. Tuliandika saba. Waliobaki walikuwa watoto wa wanawe wawili wanaoishi Maweni, kila mmoja na mlango wake na jiko lake, na kila mmoja akajaza fomu yake wiki iliyofuata. Mwishowe wote kumi na wanne waliogelea. Tofauti ni kwamba ziliandikwa kaya tatu.

Kwa hiyo, kwa kila jina unalotaka kuliandika, jiulize maswali matatu. Nguo zake za kila siku ziko kabati la nani? Akiugua usiku, anamwamsha nani? Akiondoka leo, chungu kitapungua? Majibu yote matatu yakielekea nyumbani kwako, mwandike. Mawili yakielekea kwingine, ana kaya nyingine.

Hizi ndizo hali zinazoletwa mezani mara nyingi:

Mtoto wa bweni. Ni wa kaya yako. Shule ni mahali anaposoma, kwao ni kwako. Mwandike hata kama yuko nyumbani likizo za Aprili, Agosti na Desemba tu.

Kijana wa chuo. Anaandikwa kama mtegemezi akiwa na barua ya chuo ya mwaka huu. Barua ya mwaka jana hairuhusiwi, hata kama amebakiza muhula mmoja.

Binti aliyeolewa. Amehamia kaya nyingine, hata kama nyumba ya mumewe inatazamana na yako. Hii huwaumiza akina baba kuliko kanuni nyingine zote. Anaweza kuja kama mgeni wako.

Babu na bibi. Wakiishi kwako, ni wa kaya. Wakija kwako msimu wa matibabu na kurudi Ganze, ni wageni.

Mpangaji wa chumba cha uani. Si wa kaya, hata kama mnasalimiana kindugu na unampelekea sahani ya pilau Idi. Ana jiko lake.

Wake wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu na za kimila za mke zaidi ya mmoja, na sisi hatumwulizi mtu zaidi ya hapo. Majiko mawili ni kaya mbili. Kila mke ni mwanachama mkuu wa nyumba yake akitaka. Mume anaandikwa fomu moja tu, na kadi yake inamruhusu kuingia na watoto wa nyumba zote mbili. Wakipika pamoja chini ya paa moja, fomu ni moja.

Mtoto wa kulelewa. Mpwa aliyefiwa, mjukuu aliyeachwa na mama aliyekwenda kazini Saudia, mtoto wa kafala: wote ni wa kaya, bila ubaguzi. Sheria ya Watoto ya 2022 inautambua ulezi wa kafala kwa watoto Waislamu. Usimwandike kama "mgeni" kwa kuona aibu ya kutokuwa na cheti chenye jina lako. Leta karatasi ya ulezi, au kama huna, barua ya chifu inayosema mtoto anaishi nawe na tangu lini.

Kwa nini tunabana hivi? Maji. Kila mwili unaoingia unakula klorini: jasho, mafuta ya nazi, losheni, na mikojo ya watoto ambayo hakuna mzazi anayekubali kuwa ni ya mwanawe. Tunatakiwa kuweka klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, na jua letu la saa sita linaipukutisha klorini hiyo haraka. Idadi ya watu kwenye fomu ndiyo inayotuambia ni dawa kiasi gani inunuliwe na waokoaji wangapi wasimame ukingoni. Ile harufu kali inayowasha macho, ambayo watu husema klorini imezidi, mara nyingi ni dalili ya kinyume: klorini imekwisha nguvu kwa kupambana na uchafu wa watu wengi. Kaya iliyoandika watu sita ikaleta kumi na wawili inawapunguzia ulinzi watoto wa wenzao, na watoto wake yenyewe pia.

Ukimaliza hatua hii uwe na orodha fupi kuliko ulivyodhani, na kwa kila jina uweze kusema analala chumba kipi.

## Hatua ya 3: Thibitisha unapoishi

Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba. Watu husema "nyuma ya msikiti, mlango wa kijani", na postamani haji. Kwa hiyo tunakubali moja ya hizi, iliyotolewa ndani ya miezi mitatu:

1. Bili ya maji yenye jina la mwanachama mkuu au mwenzi wake.
2. Mkataba wa upangaji uliotiwa saini na mwenye nyumba, pamoja na risiti ya kodi ya karibuni.
3. Barua ya chifu au naibu wake, yenye muhuri na tarehe, ikitaja mtaa, jina lako kamili na namba ya kitambulisho.

Ujumbe wa tokeni za stima hautoshi peke yake. Unaonyesha namba ya mita, hauonyeshi anayelala ndani, na mita nyingi za nyumba za kupanga zimeandikishwa kwa mwenye nyumba.

Kuna tatizo moja linalowakuta wajane zaidi. Bili ya maji bado ina jina la marehemu. Mama mmoja aliniwekea bili hiyo mezani, imefifia wino, imegandishwa kwa selotepu mahali ilipokatika, na akaanza kunieleza habari za msiba kana kwamba anatakiwa kujitetea. Hatakiwi. Kama bili ina jina la mume aliyefariki, leta bili hiyo hiyo pamoja na nakala ya cheti cha kifo au barua ya chifu. Hatudai ubadilishe jina la akaunti ya maji kwanza. Hilo ni jambo la baadaye, kwa wakati wako.

Angalizo: mzee wa mtaa anakujua vizuri kuliko chifu, na maneno yake tunayaheshimu, lakini barua yake isiyo na muhuri haipokelewi. Mwombe akupeleke kwa naibu wa chifu, aseme anakufahamu. Nenda asubuhi, siku ya kazi, na kitambulisho mkononi.

## Hatua ya 4: Linganisha majina ya watoto, herufi kwa herufi

Karani mgeni asiye wa pwani ataangalia fomu ya Kigiriama na kudhani kuna udanganyifu. Baba anaitwa Charo Kazungu. Mwanawe anaitwa Kazungu Charo, kwa sababu amepewa jina la babu. Babu naye ni Kazungu Charo. Kwenye fomu moja wanakaa babu na mjukuu wenye jina moja, na kadi zikichapishwa, mmoja hukosa yake. Familia za Kiislamu zina jambo lilo hilo, Omar Ali na Ali Omar.

Dawa yake ni ndogo. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, kisha ujaze kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kwa kila mmoja, watu wazima pia. Watu wengi huruka tarehe za watu wazima, na hiyo tarehe ndiyo pekee inayomtofautisha babu na mjukuu.

Nakili tahajia ya cheti hata kama unajua imekosewa. Kama cheti kimeandika "Fatma" na nyumbani mnaandika "Fatuma", fomu iwe "Fatma". Kama tofauti ni kubwa, jina zima limebadilika, utahitaji hati ya kiapo iliyofanywa kwa wakili, inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ifanye kabla ya kuja.

## Hatua ya 5: Yaya na wageni wana mlango wao

Mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwenu anakula chungu chenu, lakini ni mwajiriwa, kwa hiyo hahesabiwi kama mtegemezi. Anapewa kadi ya mlezi. Kadi hiyo inamruhusu kuingia akiwa na watoto wa kaya, siku yoyote, na kuogelea nao. Lete kitambulisho chake na umjulishe kanuni wewe mwenyewe. Nimeona dada aliyekuja na watoto watatu akasimama langoni saa nzima juani kwa sababu mwajiri hakumwandika popote. Hilo si la kumfanyia mtu anayekulelea wanao.

Wageni wanaingia kwa tiketi ya siku, wakiwa na mwanachama mzima. Mjomba wa Lamu aliyekuja wiki mbili haandikwi kwenye fomu.

## Hatua ya 6: Jaza, na uzilinde karatasi zako

Kalamu nyeusi au buluu, herufi kubwa, tarehe ianze na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Umri unahesabiwa siku ya kuwasilisha fomu. Mtoto anayetimiza miaka 18 kesho ni mtoto leo.

Kisha fanya jambo hili ambalo watu wachache hulifanya. Juu ya kila fotokopi ya kitambulisho na cheti, andika kwa kalamu, kupita juu ya maandishi lakini bila kuyafuta: "Kwa uandikishaji wa bwawa tu", na tarehe. Nakala zinazozagaa mjini hutumiwa kusajili laini za simu na kukopea. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, kwa hiyo una haki ya kuuliza nani anazihifadhi, kwa muda gani, na kwa nini. Anayekasirika kwa swali hilo asipewe karatasi zako.

Usisaini ukurasa wa afya bila kuusoma. Pale ndipo unapotaja kifafa, pumu, au sikio linalotoka usaha. Hakuna anayekataliwa kwa pumu. Tunataka mwokoaji ajue.

## Hatua ya 7: Wasilisha kwanza, lipa baadaye

Fuata mpangilio huo. Leta fomu, ikaguliwe mbele yako, upewe namba ya maombi, ndipo ulipe. Aliyelipa kabla ya kukaguliwa na fomu ikarudishwa hurejeshewa pesa yake, lakini husubiri.

Lipa kwa namba ya biashara iliyobandikwa ofisini, na sehemu ya akaunti uweke namba ya maombi. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiona jina la mtu binafsi, simama, futa, rudi dirishani. Usimtumie pesa mlinzi wala mwalimu wa kuogelea, hata kama unamwamini kwa moyo wako wote.

Kuhusu wakati: usingoje masika. Kusi likiingia bahari huchafuka, na mvua za bara zikiujaza Mto Sabaki, maji ya Malindi hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Hapo kila mzazi hukumbuka bwawa siku moja. Februari meza yangu ni tupu.

Umefanikiwa ukiwa na vitu vitatu mkononi: risiti, namba ya maombi, na orodha iliyochapishwa yenye majina ya kaya yako. Isome hapo hapo. Jina lililokosewa kabla ya kadi kutoka ni la kusahihisha kwa kalamu. Baada ya hapo ni fomu mpya.

## Hatua ya 8: Siku ya kwanza

Njooni wote. Kila kadi inalinganishwa na uso mara moja, na baada ya hapo hamtasumbuliwa. Watoto watajaribiwa: kuogelea upana wa bwawa na kuelea kwa dakika moja. Asiyeweza hupewa utepe mwekundu na kubaki upande wa kina kifupi.

Mtoto aliyekulia ufukweni si lazima ajue kuogelea. Wengi wanajua kusimama kwenye maji ya kiunoni na kurukia wimbi. Bwawa lina ukuta na kina kinachoshuka ghafla. Mzazi asilione jaribio hili kuwa tusi kwa mtoto wa pwani.

Kadi ya kaya haimwondolei mzazi kazi. Aliye chini ya miaka 12 anakuja na mtu mzima aliyeandikwa, na huyo mtu mzima anakaa ukingoni macho yakiwa kwenye maji, simu mfukoni.

## Hatua ya 9: Kaya ikibadilika, tuambie

Mtoto amezaliwa, leta cheti, anaongezwa bila ada hadi mwisho wa mwaka. Kijana ametimiza 18 na hasomi, anapewa kadi yake mwenyewe. Mmehama kutoka Shela kwenda Ngala, leta uthibitisho mpya.

Mkiachana, tuambieni watoto watakuja na nani na siku zipi, na kama kuna amri ya mahakama ya kadhi au ya watoto, leta nakala. Hatutachagua upande. Tunachohitaji ni kujua nani anaruhusiwa kumchukua mtoto langoni saa kumi na moja jioni, kwa sababu mwokoaji hawezi kuamua hilo akiwa amesimama na taulo mkononi.

Fomu ikirudishwa, omba sababu iandikwe nyuma yake, na namba ya hatua iliyokwama. Usichukue fomu mpya. Sahihisha hilo moja tu, lete ile ile, na uje moja kwa moja dirishani bila kupanga foleni tena.